Jina na Asili: Historia Fupi ya Istilahi za Homoni katika Mimba Changa ya Farasi

Utangulizi

Hivi karibuni tuliletewa mezani orodha ya istilahi za uzazi wa mifugo, ili tuzitafutie visawe vya Kiswahili kwa matumizi ya walimu na mabwana mifugo. Sehemu kubwa ya orodha hiyo haikutusumbua. Ukurasa mmoja tu, ule uliohusu farasi jike katika miezi minne ya kwanza ya mimba, ulitukwamisha kwa siku kadhaa. Homoni moja ilitajwa humo kwa majina mawili yasiyofanana hata kidogo. Aidha, vijiungo fulani vya mji wa mimba vilipewa jina ambalo kitabu chenyewe kilisema, mistari michache baadaye, kwamba halilingani na asili yake. Tungefasiri neno kwa neno, tungekuwa tumeingiza katika Kiswahili kosa ambalo wenye lugha nyingine wamekwisha kulijutia.

Ndipo tulipoona kwamba hatuna budi kuacha kamusi kwa muda na kuitazama historia. Makala haya yaeleza tuliyoyakuta. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza yatuhusu nini mambo ya farasi, hali nchi zetu zina farasi wachache. Jibu letu ni kwamba punda, ambao ni wengi kwetu, ni wa ukoo mmoja na farasi na mimba yao hupitia njia hiyo hiyo; na kwamba homoni ya farasi hutumika kuwatibu na kuwazalisha ng'ombe, kondoo na nguruwe. Lakini zaidi ya hayo, kisa hiki chatufundisha jambo moja kuhusu kazi yetu wenyewe: jina linalodai kueleza asili ya kitu kabla asili hiyo haijajulikana huwa ni deni, na mwenye kulilipa ni msomaji.

Majina mawili yaliyodumu

Tuanze na neno lenye bahati njema. Mwaka 1902, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walionyesha kwamba utumbo mwembamba hutoa kemikali inayosafiri katika damu na kuiamrisha kongosho itoe majimaji yake, pasipo msaada wa neva. Kemikali za namna hiyo hazikuwa na jina la jumla. Mwezi wa Juni 1905, katika mihadhara yake mbele ya Chuo cha Kifalme cha Matabibu, Starling alizitaja kwa neno lililoundwa kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha au kuchochea. Kiswahili kimelipokea neno hilo kwa umbo la homoni, nalo limekaa.

Kwa nini limekaa? Kwa sababu halisemi homoni yatoka wapi, wala imeundwa kwa nini, wala ina umbo gani. Lasema tu yafanya nini. Tangu 1905 tumejifunza mengi mno juu ya homoni, na hakuna hata moja kati ya hayo lililolivunja jina hilo.

Mfano wa pili ni projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba na kuutayarisha kubeba kiinitete. Mwaka 1934 ilitengwa ikiwa safi na makundi kadhaa ya wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi mbalimbali, na haikuchukua muda majina yakaanza kushindana. Wamarekani walikuwa na projestini, yaani kitu cha kusaidia ubebaji wa mimba. Wajerumani nao walikuwa na luteosteroni, jina lililotaja mahali homoni ilikopatikana. Mwaka 1935 wahusika walikutana London, wakapatana kuyaunganisha majina hayo na kupata moja. Hapa pana funzo kwa kamati zote za istilahi: wenye hoja walikaa pamoja kabla vitabu vya shule havijachapishwa, si baada yake.

Yanayotokea ndani ya mnyama

Ili msomaji atufuate vizuri, yafaa tueleze kwa ufupi mwendo wa mimba changa ya farasi kama unavyojulikana leo.

Farasi jike huwa na mzunguko wa siku 21 hivi, na katika siku hizo hupata joto kwa muda wa siku 5 hadi 7. Karibu na mwisho wa joto, kifuko cha yai kilichopevuka katika ovari hupasuka na kuliachia yai. Mahali pa kifuko hicho huota gimba dogo linalotoa projesteroni. Yai likirutubishwa, kiinitete huteremka na kuingia katika mji wa mimba mnamo siku ya 6. Jambo la ajabu ni kwamba yai lisilorutubishwa kwa kawaida halishuki, hubaki mrijani. Kiinitete hakitulii mara moja. Huzungukazunguka ndani ya mji wa mimba hadi karibu siku ya 16, kana kwamba chabisha hodi kila pembe. Kisipobisha hodi, ukuta wa mji wa mimba hutoa prostaglandini, gimba la projesteroni hufa, na mnyama hurudi kwenye joto.

Mnamo siku ya 25, katika utando wa nje wa mimba uitwao korioni, huanza kuonekana ukanda mwembamba uliokizunguka kiinitete kama mshipi kiunoni. Kati ya siku ya 36 na ya 38, chembe za mshipi huo huondoka mahali pake, hupenya ukuta wa ndani wa mji wa mimba wa mama, na kukaa humo. Hapo hujenga vijiungo vyeupevyeupe vyenye shimo katikati, vilivyopangika kwa umbo la duara au la kwato. Hivyo ndivyo vikombe tutakavyovitaja katika makala haya. Mnamo siku ya 40 homoni yake huanza kupatikana katika damu ya mama, hufikia kilele kati ya siku ya 60 na ya 70, kisha hupungua. Chembe nyeupe za damu ya mama huvizingira vikombe na kuviharibu, na kufikia siku ya 120 hadi 150 homoni hiyo huwa imekwisha. Farasi hubeba mimba kwa miezi 11 hivi. Kwa hiyo mambo haya yote hutukia na kumalizika katika nusu ya kwanza.

Jina la kwanza: kutokana na chombo

Mwaka 1927 na 1928, mjini Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walionyesha kwamba mkojo wa mwanamke mjamzito una kitu kinachoziamsha ovari za panya wachanga. Wataalamu wa mifugo wakatamani kujua kama wanyama wafugwao wanacho kitu kama hicho. Mwaka 1930, huko Davis katika jimbo la California, Harold Cole na George Hart walichapisha matokeo yao: seramu ya damu ya farasi jike mwenye mimba, akidungwa panya asiyebalehe, humfanya panya huyo abalehe upesi. Nguvu hiyo haikuwamo katika siku za kwanza za mimba. Ilitokea ghafla karibu na siku ya 40, ikapanda, kisha ikatoweka.

Mwaka huo huo wa 1930 Zondek aligundua kwamba mkojo wa farasi mwenye mimba umejaa estrojeni. Kwa hiyo farasi aliwashangaza wataalamu mara mbili: homoni waliyoitarajia mkojoni ilikuwa damuni, kwa kuwa molekuli yake ni kubwa na figo haziipitishi kwa urahisi, na mkojoni mlikuwa na nyingine.

Cole na Hart hawakujua homoni yao yatoka kiungo gani. Basi ikaitwa kwa jina la mahali ilipokutwa: gonadotropini ya seramu ya farasi jike mwenye mimba, ambayo kwa Kiingereza hufupishwa kwa herufi nne, PMSG. Jina hilo ni refu na halina ladha, lakini ni la kweli. Latueleza ni mnyama gani, katika hali gani, na majimaji gani, halituelezi lisilojulikana. Twaweza kuongeza kwamba mwaka 1930 ndio pia ulioanzishwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyopewa kazi ya kusanifisha Kiswahili. Huko California na huku kwetu, watu walikuwa wakihangaika na swali lile lile la kukiita kitu kwa jina lake.

Jina la pili: kutokana na dhana

Vikombe vilikuwa vimekwisha kuonekana kabla ya homoni. Mwaka 1897 James Cossar Ewart wa Edinburgh alikuwa ameuandika mshipi wa korioni, na mwaka 1912 Mjerumani Schauder alivieleza vikombe vyenyewe. Lakini hakuna aliyeunganisha mshipi na vikombe, kwa maana mshipi huonekana kwa siku chache tu kisha hutoweka, na vikombe huonekana baadaye, mahali pengine, ndani ya nyama ya mama.

Mwaka 1943 Cole na Goss walionyesha kwamba homoni imejaa mno katika vikombe kuliko penginepo. Chanzo kilikuwa kimepatikana. Na kwa kuwa vikombe vimo katika endometriamu, yaani ukuta wa ndani wa mji wa mimba, wataalamu walichukulia kwamba vimetokana na ukuta huo, na jina vikombe vya endometriamu likasomwa kana kwamba lathibitisha hivyo. Kwa karibu miaka 30 wanafunzi walifundishwa kwamba homoni hii hutengenezwa na mama.

Hatumlaumu mtu kwa kukosea. Twataka tu msomaji atazame jinsi jina lilivyofanya kazi. Neno lililoanza kwa kutaja mahali liligeuka, pasipo uamuzi wa kikao chochote, likawa neno la kutaja asili. Na maadamu jina lilikwisha kujibu swali, wachache walilirudia swali lenyewe.

Ushahidi wa baghala

Dalili ya kwanza ya shaka ililetwa na baghala, yaani mtoto wa punda dume na farasi jike. Tumelichagua neno baghala kwa makusudi, kwa sababu nyumbu, ambalo vitabu vingi hulitumia kwa maana hiyo hiyo, humfanya msomaji wa Tanzania na Kenya amfikirie mnyama wa Serengeti.

Katikati ya miaka ya 1950 wachunguzi wa Poland, na mwaka 1962 Clegg na Cole pamoja na wenzao, waliona kwamba farasi jike mwenye mimba ya baghala huwa na homoni hii kidogo sana kuliko farasi yule yule akibeba mimba ya farasi. Baadaye ilionekana pia kwamba punda jike aliyepandwa na farasi dume huwa na homoni nyingi kuliko akipandwa na punda mwenziwe. Mama ni yule yule, ukuta wa mji wa mimba ni ule ule. Kilichobadilika ni baba. Na baba haingii katika mwili wa mama ila kwa njia ya mtoto. Ilikuwa vigumu kuendelea kusema kwamba homoni ni ya mama peke yake.

Jibu lilipatikana Cambridge. Mwaka 1972 W. R. Allen na R. M. Moor walizitoa chembe za mshipi wa korioni kabla hazijapenya katika mwili wa mama, wakazikuza katika vyombo vya maabara. Zikiwa peke yake, mbali na mama, chembe hizo zilitoa homoni. Mwaka uliofuata, wakishirikiana na Hamilton, walionyesha kwa darubini ya elektroni jinsi chembe hizo zinavyouvamia ukuta wa mji wa mimba. Vikombe vya endometriamu, basi, si vya endometriamu kwa asili. Ni wageni waliohamia humo, nao watoka upande wa mtoto.

Kutokana na hayo homoni ilipata jina jipya: gonadotropini ya korioni ya farasi, kwa kifupi cha Kiingereza eCG. Vikombe havikupata jina jipya. Na jina la zamani la homoni nalo halikufa, kwani PMSG bado husomeka katika maandishi ya dawa za mifugo. Hivyo ndivyo ukurasa ule mmoja ulivyokuja kuwa na majina mawili ya kitu kimoja, na jina moja lisilolingana na kitu chake.

Ovari na gimba la manjano

Historia ya ovari nayo ina mitego yake. Mwaka 1931 Cole, Howell na Hart walieleza kwamba ovari za farasi mwenye mimba hazilali. Karibu na siku ya 40 huota magimba mapya ya projesteroni, zaidi ya lile la kwanza, nayo hudumu hadi mwezi wa tano au zaidi. Kufikia siku ya 100 hivi kondo huwa limeanza kujitosheleza kwa homoni zenye kazi hiyo hiyo, na ovari huweza hata kuondolewa pasipo mimba kuharibika.

Magimba hayo katika lugha za Ulaya huitwa kwa jina la Kilatini lililotolewa na Malpighi katika karne ya 17, lenye maana ya mwili wa manjano. Rangi hiyo ni ya ng'ombe; kwa kondoo na nguruwe gimba hukaribia rangi ya nyama. Hapa tena jina limeeleza zaidi ya lijualo. Lakini limezoeleka mno, nasi hatuoni faida ya kulipinga. Twapendekeza gimba la manjano. Tumekataa kiini cha manjano, kilichopendekezwa mara kwa mara, kwa sababu msomaji yeyote atafikiri ni kiini cha yai la kuku.

Kuhusu magimba yanayoota baadaye, wataalamu hutofautisha yale yanayotokana na kifuko kilichopasuka na kutoa yai, na yale yanayotokana na kifuko kilichogeuka gimba pasipo kupasuka. Twapendekeza yote kwa pamoja yaitwe magimba ya ziada. Ya namna ya kwanza yaitwe magimba ya pili, na ya namna ya pili yaitwe magimba ya nyongeza. Mfasiri atakayeyachanganya atakuwa amebadili maana ya jaribio zima.

Mtego mwingine umo katika neno gonadotropini. Kwa kuwa homoni hii ilipimwa kwanza kwa panya, na kwa panya hukuza vifuko vya mayai, ilidhaniwa kwamba katika farasi mwenyewe hufanya vivyo hivyo. Sivyo. Katika farasi, vifuko hukuzwa hasa na homoni ya tezi ya pituitari. Homoni ya vikombe kazi yake kubwa ni kuvigeuza vifuko hivyo kuwa magimba ya manjano na kuyaimarisha. Farasi asiye na mimba akidungwa homoni hii hatoi mayai mengi kama ng'ombe au kondoo anavyofanya. Basi mfasiri asiongeze katika fasili ya neno maneno kama "hukuza mayai" pasipo kutaja ni kwa mnyama gani.

Hasara ya jina baya

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mabishano ya maofisini. La hasha. Uwepo wa homoni hii katika damu ulitumika kwa miaka mingi kama kipimo cha mimba ya farasi. Lakini vikombe vikishajengwa huishi maisha yake. Kijusi kikifa siku ya 50, vikombe huendelea kutoa homoni hadi wakati wake wa kufa ufike. Damu itasema ndiyo, ilhali tumbo ni tupu. Mwenye mnyama atasubiri. Na hata akitambua na kumpeleka kwa dume, kwa kawaida mnyama hatapata joto lenye rutuba hadi vikombe viishe. Msimu mzima wa uzazi waweza kupotea hivyo.

Sasa fikirieni bwana mifugo aliyesoma katika kitabu cha Kiswahili maneno kipimo cha mimba, na mwingine aliyesoma kipimo cha homoni ya vikombe. Wa kwanza atamwambia mfugaji kwamba mnyama ana mimba. Wa pili atamwambia kwamba mnyama alipata mimba iliyofikia siku ya 36 au zaidi, na kwamba yafaa apimwe tena kwa mkono au kwa mashine ili ijulikane kama bado ipo. Tofauti ya watu hao wawili si elimu. Ni istilahi.

Mapendekezo

Tumekusudia kuyawasilisha kwenye kamati mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, homoni iitwe gonadotropini ya korioni ya farasi. Jina la zamani, gonadotropini ya seramu, liandikwe mara moja katika faharasa likiwa na rejeo, kwa sababu bwana mifugo atalikuta kwenye kichupa cha dawa na hana budi kujua kwamba ni kitu kile kile.

Pili, ukanda wa chembe uitwe mshipi wa korioni. Jina hili lataja umbo na mahali, na yote mawili huonekana kwa macho.

Tatu, vikombe viitwe vikombe vya mji wa mimba. Tulifikiria kuviita vikombe vya korioni, ili tuwasahihishe wenzetu. Lakini mwalimu atakayelinganisha kitabu chetu na vitabu vya nje angedhani ni vitu viwili. Jina tulilochagua lasema vikombe vimo wapi na lanyamaza juu ya nani aliyevijenga. Hilo la pili ni kazi ya fasili, si kazi ya jina.

Nne, kila istilahi ya fani hii iandikiwe katika jalada sababu ya kuchaguliwa kwake, pamoja na mwaka. Siku elimu itakapobadilika, atakayekaa kwenye viti vyetu ajue tulikuwa tumeegemea ushahidi gani, aweze kurekebisha pasipo kubahatisha.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Twaongeza kwamba jina zuri halizuii kuuliza. Wafasiri na walimu wanaotumia istilahi hizi kazini wanaombwa watuletee hoja zao, hasa wale waliowahi kusikia wafugaji wa punda wakivitaja vitu hivi kwa majina yao wenyewe.